Kitufe Hakijui Jina Lake

Paukwa!

Pakawa!

Na walioko Garissa waitikie kwa Kisomali pia. Sheeko sheeko! Sheeko xariir!

Vizuri, nimewasikia. Sogeeni karibu. Hadithi ya leo ina wahusika wengi, na wote ni wadogo. Mkubwa wao ana urefu wa kiganja tu.

Hapo zamani, tena si zamani sana, palikuwa na saiba mjini Garissa, si mbali na Suq Mugdi. Ndani ya saiba palikuwa na meza. Juu ya meza palikuwa na kompyuta, ile ambayo shuleni mnafundishwa kuiita tarakilishi. Mbele ya kompyuta palikuwa na kibodi. Na katika kibodi, safu ya chini, mkono wa kushoto, waliishi majirani wanne: Z, X, C na V.

Majirani hawa hawakupatana.

Asubuhi alikuja msichana wa shule kuandika insha ya Kiswahili. Akaandika mvua, vumbi, wazazi, maziwa. Z akapigwa, akapigwa, akapigwa. V naye hivyo hivyo. C aliguswa mara moja moja, maana katika Kiswahili C hatembei peke yake. Lazima ashikane mkono na H: chai, mchanga, kichwa. Na X je? X alilala fofofo tangu mwanzo wa insha hadi nukta ya mwisho.

Mchana alikuja mzee mmoja kuandika barua kwa Kisomali. Hapo zamu ikabadilika! Mzee akaandika xoolo, yaani mifugo. Akaandika caano, yaani maziwa. Akaandika majina ya watoto wake: Xasan, Cali, Maxamed, Caasha. X akatoka jasho. C akatoka jasho, tena safari hii bila kumshika H mkono. Z akalala. V akalala. Hata P, kule juu kabisa mkono wa kulia, akajinyoosha akalala, kwa sababu alfabeti ya Kisomali haina P, haina V, haina Z.

Usiku, saiba ilipofungwa, ugomvi ukaanza.

"Hapa mfanyakazi ni mimi," akasema Z. "Bila mimi hakuna maziwa."

"Maziwa gani?" akauliza C. "Bila mimi hakuna caano, na caano ndiyo maziwa yenyewe."

"Na bila mimi hakuna xoolo," akasema X. "Sasa mtamkamua nani?"

"Bila mimi hakuna mvua," akasema V. "Hao xoolo wenu watakula nini?"

Wakapigizana kelele. Ndipo sauti nyembamba ikatoka upande wa kulia, karibu na kitufe cha Enter. Alikuwa ritifaa, yule kialama anayening'inia juu ya mstari.

"Nyamazeni," akasema ritifaa. "Kwa Kiswahili, nani anaweza kuandika ng'ombe bila mimi? Na kwa Kisomali ng'ombe ni lo', mbuzi ni ri'. Tazameni mwisho wa neno. Ni mimi! Mkinifukuza, zizi zima linabaki tupu."

Wote wakanyamaza. Ungesema nini hapo?

Sasa namwona mtoto mmoja amenyoosha mkono. Anataka kuniita Abti, kama watoto wa Garissa wanavyomwita kaka wa mama yao. Sema, mwanangu.

"Abti, kwa nini Kisomali kinaandika X mahali tunapotamka kama H?"

Swali zuri sana! Watu wazima wengi wamepita na swali hilo mfukoni bila kuliuliza. Sikiliza. Mwezi Oktoba 1972, serikali ya Somalia iliamua kwamba Kisomali kiandikwe kwa herufi za Kilatini, hizi hizi za A, B, C. Lakini Kisomali kina sauti zinazotoka ndani ya koo, kama zile mnazojifunza duksi, yaani madrasa, mnaposoma herufi za Kiarabu. Ziandikwe vipi? Wataalamu wangeweza kuzitundikia herufi nukta na vikofia. Hawakufanya hivyo. Walitazama herufi zilizokuwa zimekaa bure, wakazipa kazi. X ikapewa sauti moja ya koo, C ikapewa nyingine. Kwa hiyo taipureta yoyote ya kawaida iliweza kuandika Kisomali siku ile ile. Haikuhitaji kutengenezwa upya. Mimi nasema huo ulikuwa werevu mkubwa.

Ila upande wetu wa mpaka, kwenye vitambulisho vya Kenya, Xasan huandikwa Hassan na Cali huandikwa Ali. Ndiyo maana mtoto wa Garissa anaweza kuwa na jina moja lenye sura mbili. Usione haya. Zote ni zako.

Turudi saiba.

Kitufe kirefu cha nafasi kilikuwa kimelala chini ya wote. Huyo ndiye mzee wa kibodi. Akakohoa.

"Wanangu," akasema, "mnagombania majina ambayo si yenu. Kitufe hakijui jina lake."

"Mimi ni Z!" akalia Z. "Nimeandikwa hapa kichwani!"

"Hiyo ni rangi tu," akasema mzee. "Ikifutika, bado utafanya kazi."

Je, mzee alisema kweli? Kweli tupu. Chini ya vitufe kuna karatasi nyembamba za plastiki, nazo zimechorwa njia za umeme. Njia nyingine zinakwenda kutoka kushoto hadi kulia. Nyingine zinakwenda kutoka juu hadi chini. Fikiria mji wenye barabara na vichochoro. Kila kitufe kimekaa kwenye njia panda, pale barabara fulani inapokutana na kichochoro fulani. Usipokibonyeza, barabara na kichochoro havigusani. Ukikibonyeza, vinagusana.

Na katika mji huo kuna askari mmoja wa doria. Ni kipande kidogo cha elektroniki kilichofichwa ndani ya kibodi. Anazunguka mji wote mara nyingi sana kila sekunde. Anauliza, "Kuna mtu amebonyezwa hapa? Na hapa? Na hapa?" Akikuta njia panda iliyogusana, anaipelekea kompyuta namba ya mahali hapo. Haulizi, "Wewe ni herufi gani?" Anauliza, "Uko wapi?" tu.

"Abti, sasa nani anajua kwamba ile ni Z?"

Kompyuta yenyewe. Ina daftari lake. Inasoma ile namba, inafungua daftari, inasema, "Ah, njia panda hii leo ni Z." Ukibadilisha daftari, kitufe kile kile kinakuwa kitu kingine. Ukiiambia kompyuta, "Sasa tunaandika Kiarabu," kitufe cha S kinatoa sini, س. Kitufe cha A kinatoa shini, ش. Kitufe cha F kinatoa ba, ب, na J kinatoa ta, ت. Maandishi nayo yanageuka yanaanza mkono wa kulia. Ndani ya kibodi hakuna hata waya mmoja uliosogezwa. Ndiyo maana kuna vibandiko vidogo vya herufi za Kiarabu ambavyo watu hubandika juu ya vitufe. Kibandiko kinamsaidia mwandishi. Kitufe chenyewe hakina habari.

Ukitaka kuona ndani, muombe mwenye kibodi kuukuu iliyokufa akuruhusu uing'oe kitufe kimoja. Chini utakuta kikombe kidogo cha mpira kimeinamishwa. Kikombe hicho ndicho kinachorudisha kidole chako juu. Na ukiwa Garissa utakuta vitu vingine: mchanga mwekundu, unywele mmoja, na kipande cha sambusa ambacho hakuna anayekubali kuwa ni chake.

Kibodi nyingi za ofisini ni za vikombe vya mpira, kwa sababu ni rahisi kwa bei. Zipo nyingine ambazo kila kitufe kina springi yake na swichi yake. Hizo zinalia tak, tak, tak, zinadumu miaka, na bei yake inauma. Vitufe vya laptopu ni vifupi. Vimekaa juu ya viplastiki viwili vyembamba vilivyopishana, na punje moja ya mchanga ikiingia hapo, kitufe kinakwama. Kuna pia kibodi za silikoni laini unazoweza kuzikunja kama mkeka. Vumbi haliingii ndani yake. Lakini vidole vinachoka haraka, mimi sizipendi.

Kwa mji wenye vumbi kama wetu, dawa ya kibodi ni kitambaa. Ukimaliza kazi, ifunike. Asubuhi igeuze kifudifudi, uigonge polepole mgongoni. Usiioshe kwa maji. Kuna watu wamejaribu.

"Abti, mbona herufi hazikupangwa A, B, C?"

Nilijua utauliza! Kila mtoto mwerevu huuliza hilo siku ya kwanza.

Kule Marekani, katika mji wa Milwaukee, palikuwa na mchapaji na mhariri wa magazeti aliyeitwa Christopher Latham Sholes. Mwaka 1868 yeye na wenzake walipata hataza ya mashine ya kuandikia. Baadaye kampuni ya Remington, iliyokuwa ikitengeneza bunduki na cherehani, ikaanza kuziunda mashine hizo, nazo zikaingia madukani mwaka 1874. Wakati huo herufi zilikuwa zimekwisha kupangwa karibu sawa na unavyoziona leo: Q, W, E, R, T, Y. Kwa nini hivyo? Wengi husema ni kwa sababu vyuma vyenye herufi vilikuwa vikigongana na kukwama, basi herufi zinazofuatana mara nyingi zikatenganishwa. Wengine husema wapiga telegrafu ndio waliosaidia kuzipanga, kwa kuwa wao walikuwa wakiandika kwa haraka. Wataalamu bado wanabishana. Waache wabishane.

Mashine zile za kwanza ziliandika herufi kubwa tu. Kila barua ilikuwa kama inapiga kelele! Kitufe cha Shift, kile kinachokupa kubwa na ndogo, kilikuja na mashine ya Remington ya mwaka 1878.

Lakini nikuulize na mimi. Nani alisema A, B, C ndiyo njia pekee? Alfabeti ya Kisomali huanza na B, T, J, X, kwa sababu inafuata mpangilio wa herufi za Kiarabu. Na ukienda Goma au Bukavu, kwa majirani zetu Wakongo wanaosoma Kifaransa, mara nyingi utakuta kibodi ambayo A imekaa mahali pa Q, na Z imekaa mahali pa W. Mtu wa Garissa akiketi hapo kuandika "Asante", atapata "Qsqnte". Mtaa ni ule ule, daftari ni tofauti.

Sasa mchezo mdogo. Tazama safu ya juu ya herufi: Q W E R T Y U I O P. Ukitumia hizo peke yake unaweza kuandika upepo. Unaweza kuandika pori. Unaweza kuandika tope, pipi, tupu, ripoti. Kwa Kisomali unaweza kuandika reer, yaani jamaa wa nyumba moja au ukoo. Tafuta mengine. Ukipata neno refu kuliko ripoti, umenishinda.

Kuna kibodi nyingine ambayo nyumbani kwenu wameishika kabla hawajagusa kompyuta: vitufe vya simu ya kabambe. Vitufe ni vichache, herufi ni nyingi, kwa hiyo herufi zinakaa pamoja chumba kimoja. W, X, Y na Z wote wanaishi kwenye 9. Kuandika z unabonyeza mara nne. Kuandika i unabonyeza 4 mara tatu. Neno zizi, lenye herufi nne, linakudai mibonyezo kumi na minne! Nyanya zetu wametuma ujumbe mrefu kwa njia hiyo. Wapigieni makofi.

Tena chunguza jambo hili ukiwa kwa ajenti wa M-Pesa. Kwenye simu, 1 iko juu. Kwenye kikokotoo chake, 7 iko juu. Kwenye kibodi kubwa ya kompyuta, zile tarakimu za upande wa kulia zinafuata kikokotoo. Kwa nini? Vikokotoo na mashine za hesabu vilitangulia, vikazoea 7 juu. Simu ya vitufe ilipokuwa inaandaliwa Marekani, wahandisi wa Bell Labs waliwapa watu mipangilio mingi waijaribu, wakaona 1 ikiwa juu watu wanaelewa vizuri. Simu hizo zikaanza kuuzwa Novemba 1963. Tangu hapo vidole vya ajenti vinaishi kati ya ramani mbili, na havikosei. Mtazame akihesabu. Utashangaa.

Na mtoto asiyeona? Yeye ana mashine inayoitwa Perkins, iliyoanza kutengenezwa 1951. Ina vitufe sita vya nukta, kitufe cha nafasi katikati, cha kurudi nyuma na cha kushuka mstari. Basi! Anabonyeza vitufe kadhaa kwa pamoja, na nukta zinatokeza kwenye karatasi nene. Nukta sita zinatosha kuandika lugha zote nilizotaja leo. Wanafunzi wa shule ya wasioona ya Thika, iliyoanzishwa 1946, wanazijua nukta hizo vizuri kuliko mimi ninavyoijua Z.

Tumemsahau mtu mmoja mezani. Usiku ule wa ugomvi alikuwa kando ya kibodi, kimya, anasikiliza.

"Mmemaliza?" akauliza kipanya. "Nyinyi mnaiambia kompyuta nini. Mimi naiambia wapi."

Maneno machache, lakini amesema yote. Kibodi inasema nini: andika Z, andika X. Kipanya anasema wapi: hapa, pale, juu kidogo, hapo hapo, bofya!

"Abti, kipanya anajuaje amesogea? Hana macho."

Anayo, siku hizi anayo. Lakini zamani hakuwa nayo. Kipanya wa kwanza alitengenezwa 1964 huko California. Aliyemfikiria ni Douglas Engelbart, na aliyemuunda ni mwenzake Bill English. Mwili wake ulikuwa wa mbao. Alikuwa na kitufe kimoja juu na magurudumu mawili chini. Gurudumu moja lilipima kwenda na kurudi, jingine lilipima kushoto na kulia. Tarehe 9 Desemba 1968, Engelbart aliwaonyesha watu mjini San Francisco jinsi anavyosogeza alama kwenye skrini kwa kijisanduku hicho chenye mkia wa waya. Ukumbi mzima ulisimama kumpigia makofi.

Baadaye kipanya akapewa mpira tumboni, mpira mzito wa chuma uliovikwa raba. Ukimsukuma, mpira unabiringika. Ukibiringika, unazungusha vijiti viwili vyembamba, na vijiti ndivyo vinavyopima mwendo. Kwa Nairobi hakuwa na shida sana. Garissa aliteseka! Vumbi la mezani lilipanda na mpira, likajizungushia kwenye vijiti mpaka likawa utepe mweusi. Kishale kwenye skrini kikaanza kurukaruka kama mbuzi aliyeona fisi. Dawa ilikuwa kumgeuza chali, kuzungusha kifuniko, kutoa mpira, kisha kukwangua ule utepe kwa ukucha. Waliosoma kompyuta miaka ile wanaukumbuka ukucha huo.

Kipanya wa leo mgeuze uone. Chini yake, kwa wengi, kuna taa ndogo nyekundu. Karibu na taa kuna kamera ndogo sana. Hiyo haipigi picha za harusi. Inapiga picha za meza. Picha, picha, picha, zaidi ya elfu moja kwa sekunde! Kisha kipanya anazilinganisha. "Lile doa lilikuwa hapa. Sasa liko pale. Basi nimesogea." Vipanya wa namna hii, wasiohitaji mkeka maalumu, walianza kuenea baada ya mwaka 1999.

Umeelewa? Basi nijibu hili. Mwenye duka amemweka kipanya juu ya kaunta ya kioo. Kipanya amepotea, kishale hakiendi. Ameharibika?

Hapana! Kioo safi hakina madoa ya kulinganisha. Kamera inapiga picha elfu moja za utupu. Mwekee karatasi chini, hata ya daftari, atatembea. Ukimfanyia mwenye duka hivyo, nadhani atakupa peremende.

Na kama wewe ni wa mkono wa kushoto, kuna mahali kwenye mipangilio ya kompyuta pa kubadilisha kitufe cha kushoto na cha kulia. Muombe mwalimu akuonyeshe. Ni haki yako.

Kipanya ana ndugu wengi, nitawataja mbio. Kuna mpira uliokaa juu, unauzungusha kwa kidole wakati kifaa chenyewe kimetulia. Wahandisi wa mradi wa jeshi la majini la Kanada mwaka 1952 waliuunda kwa mpira halisi wa mchezo wa kuangusha vigingi. Kuna kinundu chekundu katikati ya kibodi ya laptopu za ThinkPad, tangu 1992, chenye ukubwa wa harage. Unakisukuma kidogo na kishale kinakwenda. Kuna usukani wa michezo, huo mnaujua kunishinda. Kuna kalamu ya kuchorea kwenye kibao. Na kuna ule mraba laini mbele ya vitufe vya laptopu, ambao unausugua kwa kidole.

Mraba huo ni jamaa wa karibu wa skrini ya kugusa. Na skrini ya kugusa ndiyo inayowashangaza watoto kuliko vyote.

"Abti, skrini inajuaje ni kidole changu?"

Mwili wako una maji na chumvi. Maji yenye chumvi hupitisha umeme. Chini ya kioo cha simu kuna ule mji tuliousema, wenye barabara na vichochoro, ila hapa ni vyembamba mpaka havionekani. Umeme kidogo sana umekaa humo. Kidole chako kikikaribia njia panda, kinavuta sehemu ya umeme huo. Wewe huhisi kitu. Askari wa doria anahisi. Anasema, "Njia panda ile imepungukiwa! Kuna kidole." Mwingereza E. A. Johnson, aliyefanya kazi Malvern, aliandika juu ya skrini ya namna hii tangu mwaka 1965, kabla hata Engelbart hajamwonyesha kipanya wake kwa watu.

Jaribu mwenyewe. Chukua kijiti kikavu, uguse simu. Hakuna kitu. Chukua penseli ya rangi, uguse kwa upande wa mbao. Hakuna kitu. Mama aliyevaa glavu za kitambaa akigusa, simu haimjibu. Akitoa kidole kimoja tu, inamjibu mara moja. Ila kuna skrini nyingine, hasa za mashine za zamani, ambazo hutaka kusukumwa kwa nguvu. Hizo hukubali hata kijiti.

Na jasho je? Garissa joto hupita digrii 35 siku nyingi. Kidole kilicholowa huacha maji kwenye kioo, na maji nayo yanaugusa ule umeme. Askari anachanganyikiwa, anaona vidole ambavyo havipo. Simu inafungua vitu usivyoomba. Usiipige kofi. Futa kidole, futa kioo, anza tena.

Skrini za kugusa ndizo zilizofika kwa watoto wengi wa huku kabla ya kibodi. Mwaka 2016 serikali ya Kenya ilianza kugawa vifaa vya kidijitali kwa wanafunzi wa darasa la kwanza nchi nzima. Dadaab nako, kwenye kambi za Hagadera, Ifo na Dagahaley, kuna shule zilizopata tableti kupitia mpango wa UNHCR na Vodafone Foundation. Mtoto aliyekuwa akiandika kwa mti juu ya mchanga au kwa wino juu ya loho, ule ubao wa duksi, akagusa kioo kwa kidole. Hakuhitaji kufundishwa sana. Kidole ni chake.

"Basi Abti, kipi bora?"

Hapo nitasema ninavyoona mimi. Kwa kutazama, kuchora, kufungua na kufunga, kidole juu ya kioo hakina mpinzani. Kwa kuandika, kibodi ya vitufe halisi inashinda. Kioo hakikuambii kidole chako kiko wapi mpaka utazame. Kitufe kinakuambia. Pitisha vidole vya shahada juu ya F na J, utakuta vinundu viwili vidogo. Hapo ndipo vidole hivyo hukaa. Ukivizoea, unaandika huku unatazama dirishani. Mtoto atakayekuja kuandika barua, habari, au hesabu za duka la baba yake, ajifunze vitufe mapema.

Huna kompyuta? Tafuta katoni tupu ya tambi. Kata kipande kipana. Chora safu tatu za herufi, zikiwa kama zilivyo, na kitufe kirefu chini. Bandika punje ya mchele juu ya F na nyingine juu ya J. Weka vidole, fumba macho, andika upepo. Fanya hivyo kila jioni, na siku utakayoketi mbele ya kibodi ya kweli vidole vyako vitakuwa vimeshafika.

Na wewe mwalimu mkuu unayesoma juu ya bega la mtoto: kama kuna tableti zimefungiwa kabatini kwa kuogopa vumbi, zitoe. Vumbi linafutika.